Barua ya Wazi kwa Wachekeshaji Vijana: Kiandikeni Kichekesho Chenu

Wanangu na wajukuu zangu mnaochekesha majukwaani na kwenye simu,

Salamu kutoka Tanga. Nawatazama sana. Nikimwona kijana amesimama na maikrofoni peke yake ukumbini, bila ngoma ya kumtangulia, namwombea dua palepale, maana sisi tulikuwa tunatoka watu wameshachangamshwa na sarakasi. Kuchekesha mnakuweza, sina la kuwafundisha hapo. Leo nazungumzia karatasi.

Enzi zetu kichekesho hakikuandikwa. Siku ya onyesho, mchana, tunakaa nyuma ya baa, kiongozi anatoa kisa: mwenye nyumba kaja kudai kodi, mpangaji kajifanya bubu. Nani mwenye nyumba, nani mpangaji, nani jirani mmbeya. Tunapatana mahali pa kuingia na neno la kutokea, basi. Ya katikati yote tunayapata mbele ya watu. Mpangaji anaeleza kwa vidole kwamba mshahara haujatoka. Mwenye nyumba naye anamjibu kwa vidole, kasahau kuwa yeye ana mdomo. Hapo watu wanaanza kupiga meza. Zikipigwa, unavuta, unaongeza kidole kingine. Zikinyamaza, mwenzako anakurushia neno la kutokea na mnaondoka. Usiku uleule mnajua kipi kimeshika, na wiki ijayo mnakirudia kimenoga zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye vikundi vya sanaa za maonyesho vya miaka ya 80 na 90: Muungano, DDC Kibisa, Mandela, baadaye TOT (Tanzania One Theatre) ya marehemu Kapteni John Komba, na vile vya majeshi. Usiku mmoja mtazamaji anapata ngoma, sarakasi, kichekesho, taarabu na igizo, kwa kiingilio kilekile. Sura nyingi mlizokuja kuziona kwenye runinga zilipikwa mle. Lakini leo mwanafunzi akitaka kusoma kichekesho kimoja tu cha Muungano cha mwaka 1988, aende maktaba gani? Tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji ilichapwa mwaka 1969 na hadi sasa watoto wanaifungua darasani. Vya kwetu vilivyojaza kumbi kila mwisho wa wiki vimezikwa na waliovicheza. Jambo hili linaniuma kuliko pesa.

Na pesa nazo zilikwenda. Kile kichekesho cha mpangaji bubu nilikuja kukiona kwenye kaseti ya video, kinauzwa, kimechezwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga uwanja wetu wa mazoezi. Tulipokwenda kudai tuliulizwa swali moja: karatasi iko wapi? Tulirudi na nauli yetu mfukoni na hasira zetu.

Mzee Majuto mnamjua. Amri Athumani, mtoto wa Tanga, alianza kuigiza akiwa na miaka 9, akachekesha nchi nzima mpaka uzeeni. Mwaka 2018 akiwa mgonjwa, ndipo wizara yenye dhamana ya sanaa ilipounda kamati ya kuipitia mikataba aliyokuwa amesaini. Alifariki Agosti 8 mwaka huohuo, Muhimbili. Naomba mlitafakari hilo: mtu ambaye uso wake tu uliuza bidhaa, mikataba yake inakuja kusomwa vizuri akiwa kitandani. Miaka minne kabla yake tulimzika Mzee Small, Said Ngamba, naye baada ya kuugua kwa muda mrefu. Hawa walikuwa vinara wa fani. Fikirini wale wa nyuma yao.

Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Lakini sheria hailindi wazo. Ukisimulia kisa chako kijiweni, kesho mwingine akakicheza kwa maneno yake, huna pa kumshikia. Ukiwa na maneno yenyewe yameandikwa, yana tarehe na majina, na umeyasajili, unazungumza lugha nyingine kabisa na anayekudhulumu.

Najua mtanijibu kwamba kuandika kunaua kichekesho, kwamba utamu wake ni kule kubuni papo hapo. Ni kweli, na sitaki muuache. Kwa hiyo msianze na kalamu. Chezeni kwanza, simu iwe inarekodi, na kesho yake mmoja wenu akae asikilize, aandike kilichoshika: nani kasema nini, wapi mlinyamaza, wapi watu walicheka msipotarajia. Wakati wetu kinasa sauti kilikuwa cha kuazima. Nyinyi kila mmoja anacho mfukoni, hapo hamna udhuru.

Sasa huyo anayeandika. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa masikio yote mawili. Katika kila kundi yupo mmoja ambaye haonekani kwenye klipu. Ndiye aliyewaza kisa, ndiye aliyempa mwenzake lile neno ambalo sasa linarudiwa na makondakta wa daladala. Tangazo likiingia, waliocheza wanagawana, yeye anapewa nauli na kuambiwa asante kaka. Makundi mengi niliyoyaona yakivunjika yalivunjikia hapo, hata kama redioni walisema ni wivu au wanawake. Mwandishi awe na fungu lake linalojulikana kabla pesa haijaja, na jina lake lisomeke mwisho wa kila klipu. Akiondoka, mnabaki na sura zenu tu, na watu huchoka na sura haraka sana.

Mkiletewa mkataba wa tangazo, msisaini siku hiyohiyo, hata kama pesa iko mezani. Tafuteni mwanasheria. Ulizeni sura zenu zitatumika mpaka lini, katika nchi zipi, na nani ataruhusiwa kukikata kichekesho chenu na kukiuza vipande vipande. Anayewaharakisha ana sababu yake.

Na ombi moja la mwisho. Wazee wa vikundi vile wapo mitaani kwenu, Magomeni, Temeke, Ngamiani, wengine wanauza maji barazani na hamjui kuwa walikuwa wasanii. Mfuateni mmoja wiki hii na simu yenu. Mwulizeni visa alivyocheza, nani alikuwa anaingia wapi, na nini kiliwafanya watu wapige meza. Mkija kukicheza kisa chake, mlipeni, na jina lake liwe la kwanza kwenye karatasi, juu ya majina yenu.

Ni mimi mzee wenu,
mwandishi wa vichekesho, Tanga