Mheshimiwa Waziri, chuo bomoeni, ila funguo za stoo tupeni

Mheshimiwa Waziri,

Kwa umri ungeniamkia wewe, lakini kwa cheo acha nitangulie mimi: shikamoo.

Jumanne iliyopita vijana wawili walishuka kwenye gari na kopo la rangi nyekundu, wakapiga X ukutani kwenye maktaba ya kilichokuwa chuo chetu cha itikadi, huku pembeni ya Dodoma. Wakapiga nyingine bwenini, na ya mwisho kwenye mlango wa stoo. Rangi ilikuwa nyepesi, ikachuruzika hadi kwenye kufuli. Nilipowauliza wametumwa na nani, mmoja akanijibu, "Mzee, sisi tunapaka tu."

Jina la chuo silitaji. Unakijua. Ulisimama pale chini ya mwarobaini, ukatuita wazee wako, ukasema, "Hili nalichukua mwenyewe." Ulilichukua kweli, maana hatujaliona tena.

Labda vijana wa ofisini kwako hawajui pale palikuwa nini. TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, mwaka 1961. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, ikaonekana chuo kimoja hakitoshi kueneza Ujamaa nchi nzima, ndipo vikaja vyuo vya kanda. Dodoma ilikuwa mahali pake hasa. Hapa ndipo ilipopita Operesheni Dodoma, ile ya kuwahamishia watu vijiji vya Ujamaa, na hapa Chamwino Mwalimu mwenyewe alifyatua matofali na wanakijiji mwaka 1971.

Nilipoajiriwa moto ulikuwa bado unawaka. Asubuhi tulifundisha makatibu wa kata na mabwana shamba kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba kiongozi hana ruhusa ya kuwa na hisa kwenye kampuni, mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. (Siku hizi nikipita mitaa mipya ya Dodoma najiuliza tu nyumba zote zile za kupangisha ni za nani.) Mchana wote tulishika majembe, mkufunzi na mwanachuo. Sisemi kila mtu aliamini. Wapo waliofuata cheti, na saa tano, kwa joto la Oktoba, nusu ya darasa ilikoroma. Wapo pia Wagogo waliohamishwa kwenye maboma yao bila kupenda, na darasani jambo hilo tulilipitia haraka haraka. Lakini kilikuwa chuo. Watu walibishana mpaka taa zinazimwa.

Kilikufaje? Wengine wanalaumu vyama vingi, mwaka 1992, na ni kweli Serikali isingeendelea kulipia chuo cha chama kimoja. Mimi nadhani kilianza kufa mwaka mmoja kabla, pale Azimio la Zanzibar lilipowaruhusu viongozi yale yale tuliyokuwa tukiyakataza ubaoni. Ungefundisha nini tena Jumatatu yake? Kivukoni wao walipona, na mwaka 2005 wakawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2022 Kibaha ikafunguliwa shule ya uongozi yenye jina la Mwalimu, ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, kwa msaada wa China. Kumbe fedha za kufundishia itikadi zipo! Sisi tukakabidhiwa serikalini pamoja na meza na viti, na mafaili yetu yakafungiwa stoo.

Hapo ndipo ninapoumia, Mheshimiwa. Pensheni yangu imehesabiwa kuanzia siku nilipoingia serikalini. Miaka yangu ya chuoni haipo, kana kwamba nilikuwa nimelala. Nikienda kuuliza naambiwa nilete barua ya ajira. Barua iko stoo. Stoo ina kufuli. Mwenye funguo, naambiwa, alihamia Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Mtumba wanasema hawamfahamu. Mke wangu ana presha, na dawa tunanunua za wiki, si za mwezi. Wenzangu wengine wameshazikwa wakisubiri "mchakato".

Kila Oktoba 14 mnamtaja Mwalimu mpaka sauti zinakauka. Sawa, mtajeni. Ila tuliokuwa tukilipwa kufundisha watu wamuelewe bado tuko hai, wachache, na tuna njaa.

Mwanzoni tuliomba chuo kifufuliwe. Mkacheka. Tukaomba angalau maktaba ibaki. Kimya. Tukaomba vitabu vihamishiwe popote, hata shule ya kata. Sasa siombi chuo, siombi maktaba, na hayo matofali bomoeni. Naomba funguo. Kama zimepotea, tuma fundi akate kufuli mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tutoe mafaili, kisha tingatinga lifanye kazi yake. Ni shughuli ya asubuhi moja. Hata usije mwenyewe, Mheshimiwa, mtume dereva. Namba yangu ya simu mnayo, iko kwenye kila barua niliyowaandikia.

Mkufunzi mstaafu,
Dodoma