Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: Desemba 9 tuitaje Tanganyika

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Pole na majukumu. Nakuandikia mapema, kabla mafundi wa mabango hawajaanza kazi ya Desemba 9. Ombi langu ni moja: safari hii mabango ya mkoa wetu yaandikwe "Uhuru wa Tanganyika". "Uhuru wa Tanzania Bara" tumeuzoea, lakini mwaka 1961 hapakuwa na nchi iliyoitwa hivyo.

Jina Tanganyika Waingereza walilichota kwenye ziwa la kule Kigoma mwaka 1920, baada ya Wajerumani kushindwa vita. (Ziwa letu Speke alikuwa ameshalipa jina la malkia wake tangu 1858, na bado tunalo.) Jina la mkoloni, ndiyo, ila wazee wetu walilichukua wakalifanya lao. T ya TANU ni Tanganyika. Na huku kwetu kulitaja kulikuwa na gharama: serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho katika Jimbo la Ziwa hadi 1958, wakati wakulima wa pamba wakiendelea kudai haki zao kupitia ushirika ulioongozwa na Paul Bomani. Tunapowakumbuka, tuitaje nchi waliyoipigania.

Tanzania ilikuja baadaye. Tulipoungana Aprili 26, 1964 nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu kuliko foleni ya kivuko cha Kamanga. Oktoba 29 mwaka huohuo likafupishwa: Tan ya Tanganyika, Zan ya Zanzibar. Sasa mtoto wa shule pale Nyamagana, Zan ataiona kwenye ramani. Tan tumwambie imetoka wapi, kama hata siku ya uhuru wake hatuitaji?

Najua wapo watakaonusa humu siasa za serikali tatu, yaani Tanganyika irudishiwe serikali yake kando ya ile ya Zanzibar na ya Muungano. Mimi simo. Wenzetu wa Zanzibar kila Januari 12 husherehekea Mapinduzi kwa jina lao lilelile, na Muungano hautikisiki.

Wala bajeti haitaongezeka, Mheshimiwa. Tanganyika ni neno moja. Tanzania Bara ni mawili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kirumba, Mwanza