Mjomba, hizi risasi za dola kumi si za bunduki yako

Columbia, Missouri
Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mu wazima nyote na mvua imeshika. Sisi huku hatujambo. Pesa ya mabati ya bibi niliituma Ijumaa kwa dada, naomba umuulize.

Sasa hili la risasi. Ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la ukoo nimeusikiliza mara tatu, na umeniuma. Kusema mbele ya watu wote kwamba natupa dola kumi kwa risasi moja ya kumwua bata mzinga mmoja wakati paa la bibi linavuja, hapana Mjomba, hilo sikustahili. Halafu jioni yake ukaniandikia pembeni nikutumie pakiti mbili na choki yake, yaani kile kibano cha mdomo wa mtutu. Wewe ni mtu wa bunduki, kwa hiyo nakueleza jambo lote mpaka mwisho.

Bata mzinga wa porini hapigwi kama kanga. Kanga unamwinua, anaruka, unampiga hewani, na wingu la marisau, yaani zile punje za ndani ya risasi, likiwa pana ndiyo salama yako. Huyu wa huku anaitwa kwa mluzi wa jike, anakuja kwa miguu, anasimama, nawe unalenga shingo, pale manyoya yanapokutana na ngozi nyekundu. Mwilini hapigwi. Dume la kilo tisa lina mbawa na kifua cha kumeza punje, litakwenda kufia vichakani bila wewe kulipata. Kwa hiyo kinachotakiwa ni punje nyingi ndani ya sehemu ndogo, zenye nguvu ya kuvunja mfupa wa shingo au fuvu. Kipimo cha watu wa huku ni punje 100 ndani ya duara la inchi 10, kwa umbali wa yadi 40.

Hapo ndipo choki inapoingia. Mtutu wa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ndogo ndiyo mpana) una uwazi wa karibu milimita 18.5. Choki kali ya kawaida hubana mdomo hadi kama 17.6. Ya bata mzinga hushuka mpaka 16.9 au 16.8. Wengi wanadhani ukizidi kubana ndiyo unazidi kupata, na hapo ndipo wanapokosea. Punje kubwa za madini ya risasi, namba 4 kwa mfano (namba ikipanda punje inapungua), zikilazimishwa kupita tundu dogo mno zinasuguana, zinapoteza uviringo, na punje isiyo ya mviringo hairuki sawasawa. Ukijaribu kupiga kwenye karatasi utaona duara lenye pengo tupu katikati, yaani shingo ya bata imepita salama mahali ulipolenga. Legeza choki hatua moja, mara nyingi pengo linaziba.

Kuhusu bei. Risasi ya kawaida, yenye punje za madini ya risasi, urefu wa inchi 3, ina aunsi 1¾ za punje. Ukichukua namba 5 ni kama punje 300, na inauzwa dola mbili au tatu. Hii ya dola kumi ni ya tangisteni, madini mazito kuliko madini ya risasi: sentimita moja ya ujazo ni gramu 18, wakati madini ya risasi ni 11 na chuma hakifiki 8. Kwa uzito huo, punje namba 9, nene milimita 2 tu, inapenya sawa na namba 5 ya risasi. Aunsi zilezile 1¾ zinakupa punje zaidi ya 600. Ndiyo sababu siku hizi hata geji 20 nyepesi inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji geji 12 ya inchi 3½, ile inayokuachia bega jeusi wiki nzima.

Sasa sikiliza kinachonitetea. Risasi hizo hazichezewi. Kulenga kunarekebishwa kwa risasi za bei nafuu, kwa yadi 15, mpaka bunduki ipige pale unapotazama. Kisha ndipo zile za bei zinapigwa mbili au tatu tu kwenye karatasi kubwa ya mita moja kwa moja, kwa yadi 40, umekaa chini na kiwiko kimeegemea, maana ndivyo utakavyokaa porini. Unatafuta mahali punje zilipojaa zaidi, unaweka mfuniko wa sufuria wa inchi 10, unachora, unahesabu tundu moja moja kwa kalamu ya wino ili usirudie. Baada ya hapo unapiga moja kwa yadi 20. Hiyo ya karibu watu wanaisahau, na ndiyo inayowaaibisha: kwa yadi 12 marisau yote yako kwenye kitu cha ukubwa wa chungwa, ukiinua shavu kidogo kutoka kwenye kitako umemkosa bata aliye karibu kuliko mbuzi wa jirani. Ukiacha hizo za majaribio, pakiti ya risasi tano inatosha misimu miwili, kwa sababu sheria ya hapa Missouri inaruhusu madume wawili tu kwa msimu wa machipuko, wenye ndevu kifuani, na punje zisizidi ukubwa wa namba 4.

Ukibadili choki au aina ya risasi, yote uliyohesabu yamefutika. Kuna risasi ambazo kikombe chake cha plastiki kinashika punje kwa muda baada ya kutoka mtutuni. Hizo hupenda choki ya wastani isiyo na matundu ubavuni, ukiziwekea kali zinaharibika. Ndiyo maana mwenye bunduki kama yangu anaweza kukushauri vibaya kwa nia njema kabisa. Unapobadili choki, bunduki iwe tupu, choki ifunguliwe, plastiki iliyoganda isuguliwe, nyuzi zipakwe grisi kidogo, ikazwe kwa ufunguo wake. Ikilegea wakati wa kupiga, mdomo unavimba.

Kuhusu kukutumia: siwezi. Posta ya Marekani haipokei risasi kabisa. Lakini hata ingepokea nisingetuma, na nakuomba usimwagize mtu mwingine. Bunduki yako ni ya zamani, mitutu miwili, choki ni ya mtutu wenyewe, haifunguki. Tangisteni na chuma ni ngumu. Kikombe kikipasuka zinachimba mtutu, na pale penye mbano mtutu unatuna kama pete. Tena angalia urefu wa chemba, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu. Risasi ya milimita 76, yaani hiyo ya inchi 3, ikiwa haijapigwa ni fupi, kwa sababu mdomo wake umekunjwa, kwa hiyo itaingia kwenye chemba ya 70, hata ya 65, na mtutu utafunga vizuri kabisa. Ukipiga, mkunjo hauna mahali pa kufungukia, shinikizo linapanda, na uso wako uko sentimita chache nyuma yake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko maneno ya kundini.

Kwa kanga, wewe endelea na namba 5 ya madini ya risasi. Nimeongeza kidogo kwenye pesa ya dada, ya pakiti moja kutoka duka lenye kibali. Bunduki nyingi za namna hiyo mtutu wa kushoto umebana zaidi, na ni wa kifyatulio cha nyuma. Huo weka kwa kanga wa mbali. Kujua kwa hakika, piga kila mtutu kwenye karatasi kwa hatua 35, kisha uhesabu.

Huku asubuhi bado ni baridi na madume yameanza kulia mitini. Nikiyasikia nakumbuka kanga wa kule mtoni wanavyopiga kelele jua likizama, na mchuzi wa nazi wa shangazi.

Naomba uivunje bunduki, yaani uifungue mitutu, isiwe na risasi ndani, ufute mafuta chini ya mitutu na upige picha ya karibu ya maandishi na namba zote utakazoziona. Ikiwa imeandikwa 65 (milimita) au 2½ (inchi), usipige tena hadi nikupigie simu. Msalimie bibi, mwambie mabati yawe ya geji 28, asikubali 32, hayo ni membamba.

Mpwa wako