Ankara ya neno moja

Juzi mteja alitujia ameikunja ankara yetu hadi imekuwa ndogo kama kiberiti. “Fundi, nimeulizia. Ulichofanya ni kuongeza neno moja kwenye faili. Neno moja ndilo linalonitoa hela zote hizi?”

Ni kweli, ni neno moja: nofail. Na kwa kuwa si wa kwanza kuniuliza hivyo, leo naeleza kwa urefu, ili ajaye nimpe asome wakati anasubiri.

Seva yake ilizimika umeme ulipokatika. Uliporudi, ikagoma kuwaka, ikabaki kwenye hali ya dharura inadai nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa seva. Chanzo kilikuwa na miezi. Mtu alichomeka diski ya nje ya kuwekea chelezo, yaani nakala za akiba, akaiandika kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za seva, ili ijiunge yenyewe kila seva inapowaka, halafu diski ikachomolewa ikapelekwa kwingine. Mstari ukabaki. Seva ikaendelea kufanya kazi bila shida, maana inapokuwa imeshawaka hakuna anayerudi kuusoma mstari ule. Siku ya kuwaka upya ndipo systemd, programu inayoiamsha seva, ilipoanza kuitafuta diski, ikaisubiri kwa sekunde 90 ambazo ndizo kawaida yake, ikaikosa, ikasimama hapo hapo. Neno nofail linaiambia: ukiikosa, endelea na safari.

Sasa tuje kwenye bili. Kabla ya kutuita, mteja aliibonyeza swichi ya seva mara nyingi hata hakumbuki ngapi. Kisha akamwita kijana wa bei rahisi, naye akaja na flashi akitaka kuweka mfumo endeshi upya. Ili flashi yake isomeke, akaingia kwenye mipangilio ya ubao mama, akatoa UEFI, mtindo mpya wa kuiwasha mashine, akaweka ule wa zamani, akabadili na mpangilio wa diski. Aliposhindwa akaondoka, akaacha vyote hivyo hivyo. Tulipofika hata ile hali ya dharura haikuonekana tena. Seva ilisema haina diski ya kuwakia. Sehemu kubwa ya saa alizolipia tuliitumia kurudisha alichokipindua kijana. Kosa lenyewe la fstab, tulipolifikia, halikumaliza robo saa.

Na kule kubonyezabonyeza swichi kuna hasara yake. Kitu cha kwanza tunachosoma ni kumbukumbu za uwakaji, kwa amri ya journalctl. Lakini pale ambapo folda ya /var/log/journal haijaundwa, kumbukumbu hizo mara nyingi hukaa kwenye RAM tu, na kila ukizima zinafutika. Yaani mgonjwa anataka kusema, wewe unamziba mdomo. Pigeni picha ya skrini, acheni swichi, tupigieni.

Wapo wanaojitahidi wenyewe, nami siwalaumu. Mmoja aliufikia mstari mbovu kabisa, akaurekebisha, faili likakataa kuhifadhiwa. Akahitimisha kwamba diski imekufa, akanunua mpya. Diski ilikuwa nzima. Ilikuwa imefunguliwa kwa kusomwa tu. Amri moja, mount -o remount,rw / na angeandika anavyotaka. Mwingine aliongeza diski ya pili, seva ikawaka imezibadilisha majina, iliyoitwa sdb ikawa sdc, na chelezo zikaanza kuandikwa kusiko. Ndiyo maana sisi tunaandika UUID, ule utambulisho mrefu unaochosha macho, wala hatuandiki jina la sdb hata mteja akituona tunapoteza muda. Kuna na aliyekuwa na programu inayowaka kabla mtandao haujawa tayari. Fundi wake alimwekea amri ya kusubiri dakika moja, ikamfaa mpaka siku mtandao ulipochukua dakika mbili. Programu ilitakiwa iambiwe iungoje mtandao, si saa.

Ah, na betri ya ubao mama, ile bapa ya CR2032. Ikiisha, seva inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa, vyeti vyote vya usalama vikakataliwa. Watu wamewahi kuniletea seva nzima kwa sababu ya kale kadude.

Kinachowaudhi wateja kuliko vyote ni pale tunapomaliza kazi na kuomba ruhusa ya kuizima seva na kuiwasha tena. “Si inafanya kazi? Iache!” Hatuiachi. Kwanza tunapitisha findmnt --verify, amri inayolikagua lile faili la fstab, kisha tunaizima, tunaiwasha, tunakaa mbele ya skrini hadi huduma ya mwisho iinuke. Muda huo nao tunautoza, na hatuoni aibu.

Huyu wa neno moja naye alikataa, akanuna, mwishowe akakubali ili tu tuondoke. Seva ikawaka vizuri, diski zote zikaingia, lakini hifadhidata ya mauzo haikuinuka. Aliyeiweka alikuwa ameiwasha kwa systemctl start, yaani iwake sasa hivi, akasahau enable, yaani ijiwashe kila seva inapowaka, kwa hiyo ilikuwa haijawahi kujiwasha yenyewe tangu iwekwe. Nikaandika enable, tukazima tukawasha tena, ikaja. Hiyo haimo kwenye ankara aliyoikunja.