Kheri za Mwaka kutoka Makunduchi

Asalaam aleikum jamani, kheri za mwaka kwenu nyote, mliopo shamba, mliopo mjini, Pemba, na nyie wa Muscat na Dubai ambao najua leo roho zenu zipo Kae Kuu, uwanja wetu wa sherehe. Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi, tushaukoga, kibanda kimewaka, na wali umeliwa alhamdulillahi.

Leo nlivokuwa nawatazama vijana wa Kusini na Kaskazini wakitwangana kwa migomba, mtu anatoa kinyongo chake cha mwaka mzima mbele ya watu halafu mchana wanakula sinia moja, nkakumbuka kuwa nairuzi hii (mwaka mpya, wenzetu huita Nowruz) si yetu peke yetu. Kule Iran, Afghanistan, Tajikistan wanaifanya mwezi wa 3, yetu sisi imeangukia Julai kwa vile mwaka wa wazee ni siku 365 basi, hauna ile siku moja ya kila miaka 4, ukawa unarudi nyuma kidogo kidogo karne kwa karne.

Na wenzetu wameifanya sababu ya marais kukutana. Machi 2010, mwezi mmoja tu baada ya Umoja wa Mataifa kuipitisha 21 Machi kuwa siku ya Nowruz duniani, walikaa Tehran marais wa Iran, Iraq, Afghanistan, Tajikistan na Turkmenistan. Iran na Iraq jamani, waliopiganishana tangu 1980 mpaka 1988, watu wamezikana kwa malaki, halafu Talabani wa Iraq anakuja kula mwaka kwa Ahmadinejad wa Iran! Wakawa wanapeana zamu ya uwenyeji, 2014 ikafika Kabul, vita bado vipo, Karzai, rais wa Afghanistan, akapokea wageni wake ivo ivo. Mimi hili la kumwendea mwenzio kwake akiwa kwenye shida limenigusa kuliko matamko yote wanayosaini, mana hata hapa petu nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka wenyewe hawana raha.

UNESCO 2016 waliandika nchi 12 za nairuzi, yetu haimo. Natamani wakubwa wetu waombe nafasi kwenye mkeka ule, tuna cha kupeleka.

Kwangu mgeni kashafika, katoka Micheweni na watoto wake watatu, ila sufuria kubwa na kesho ngoma bado zipo. Nyie wa mjini pandeni gari asubuhi, mlango siufungi.