Mafuta ya kichwani si dawa ya mba yasipooshwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mba, maradhi ambayo wengi wetu huyaonea haya kwa sababu unga wake mweupe hauna siri juu ya buibui jeusi. Ushauri ulioenea kwamba tiba ya Ayurveda, yaani utabibu wa jadi wa Kihindi, ni kujipaka mafuta ya nazi na kukaa nayo siku mbili tatu unatuletea nusu tu ya tiba yenyewe.

Katika Sushruta Samhita, mojawapo ya vitabu vikongwe vya matabibu wa Kihindi, maradhi haya huitwa darunaka, na dalili zake ni ngozi ya kichwa kukauka, kuwasha na kupasuka. Mafuta yamo katika tiba hiyo, lakini kuosha nako kumo, na hadi leo katika nyumba nyingi za Wahindi mafuta yakishasingwa kichwani huondolewa kwa ritha au shikakai, matunda yatoayo povu kama sabuni. Jambo hili lina maana kubwa, kwani mba huhusiana na kuvu aitwaye Malassezia, ambaye chakula chake ni mafuta ya ngozi. Kwa hiyo anayeongeza mafuta asiyaoshe huenda anamlisha yule yule anayemwasha.

Kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni uwatu, ambao haukosekani katika maduka ya viungo hapa Mombasa. Uloweke usiku kucha hadi punje zivimbe, uusage uwe uji wenye ute, uupake kwenye ngozi yenyewe wala si kwenye nywele tu, kisha baada ya nusu saa uuoshe taratibu, maana magamba yaliyolainika hayahitaji kukwaruzwa kwa kucha wala kitana. Wengine husuuza kwa maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, yakapoa na kuchujwa. Mafuta ya mwarobaini, hata hivyo, mtoto asinyweshwe kabisa, kwa kuwa yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga. Ndimu nayo huchoma ngozi iliyochubuka, na ukitoka nayo juani inaweza kukuachia mabaka meusi.

Mba isiyopungua baada ya wiki chache ipelekwe kwa mfamasia, ambako shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu, hupatikana. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni watoto wenye mapunye, ambao nywele zao hukatika na kuacha viraka, nao hupakwa dawa hizi hizi za mba. Kuvu wa mapunye huingia ndani ya unywele, asikofikiwa na cha kupaka, na mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kwa maagizo ya daktari. Naomba ukurasa wako wa afya umwalike daktari wa ngozi awaeleze wazazi namna ya kutofautisha mba na mapunye, tena kwa picha.

Msomaji wako,
Mombasa