Barua ya Malalamiko: Ada ya "Uharibifu wa Mteja" kwa Plagi Zilizofungwa Vibaya

Wapangaji wa nyumba 12,
Roysambu,
Nairobi.

9 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Intaneti,
Nairobi.

Bwana/Bibi Meneja,

KUH: KUTOZWA ADA KWA PLAGI ZA KEBO ZILIZOFUNGWA VIBAYA NA MAFUNDI WENU

Kati ya Machi na Mei mwaka huu, nyumba tatu za jengo hili zilitozwa shilingi 1,500 kila moja kwa kuwa plagi ya RJ45 (plagi ya plastiki yenye meno manane kwenye ncha ya kebo ya intaneti) inayoingia nyuma ya ruta ilikuwa, kwa maneno ya risiti zenu, "imeharibiwa na mteja". Tunadai shilingi 4,500 hizo zirudishwe. Plagi zote tatu zilizokatwa tumezihifadhi kwenye bahasha, kila moja ikiwa na nambari ya nyumba yake na sentimita kumi za kebo nyuma yake. Fundi anayeijua kazi akiziangalia dakika mbili tu hatahitaji kusoma barua hii hadi mwisho.

Tuanze na klipu, maana ndiyo iliyoandikwa kwenye risiti. Klipu ni ulimi mwembamba wa plastiki ngumu. Ukivunjika hauna dawa: gundi haishiki, plagi hukatwa na nyingine ikafungwa. Bila ulimi huo plagi hurudi nyuma kidogo tu, pengine milimita moja, lakini hiyo inatosha meno yake kuachana na yale ya ruta, na taa ya intaneti huanza kuwaka na kuzimika kila mtu anapofagia karibu na meza. Hayo hatuyabishi. Tunachobisha ni nani aliyeuvunja. Jengo lina kebo 12, yaani plagi 24, na hakuna hata moja iliyovishwa kofia ya mpira ya kuukinga ulimi. Isitoshe, plagi zilifungwa kwanza, kisha kebo ikapitishwa kwenye tundu la ukuta. Ncha ya ulimi inaelekea nyuma, upande wa kebo, kwa hiyo fundi anapovuta kebo kurudi nje ili kupunguza urefu, ulimi hunasa kwenye plasta kama ndoana. Vumbi la saruji bado limo ndani ya plagi ya nyumba nambari 7. Mpangaji hapitishi plagi ukutani.

Hata hivyo klipu ndiyo kasoro ndogo.

Plagi ya RJ45 ina kabari ya plastiki upande wa meno, karibu na mdomo wa kuingizia kebo. Koleo likibana, kabari hiyo hushuka na kulikandamiza ganda la nje la kebo, ili uzito wote ubebwe na ganda, si na nyaya. Katika plagi zetu tatu ganda limeishia nje kabisa: kwenye moja tulipima sentimita 2.4 za nyaya tupu kabla ya plagi. Hapo kabari imebana hewa, na kila kebo inapoguswa, nyaya nane nyembamba kama njiti ndizo zinazovutwa. Kipimo kinachokubalika ni nyaya zisifumuliwe msokoto zaidi ya milimita 13, na ganda liingie ndani ya plagi hadi lipite kabari. Fundi huacha nyaya ndefu kwa sababu ni rahisi kuzipanga. Kuzipanga ni sawa, lakini baada ya kuzipanga hukatwa zikawa fupi, na hatua hiyo ndiyo iliyorukwa.

Waya uliokatika wa kwanza katika nyumba nambari 7 ulikuwa wa kahawia, pini ya 8 (yaani jino la nane la plagi). Dawati lenu la simu lilisema tatizo ni Wi-Fi na likatushauri tusogeze ruta. Tulipima kwa kompyuta iliyochomekwa kwa kebo kwenye ruta: kifurushi ni cha megabiti 200 kwa sekunde, kipimo kiligota 94, asubuhi na usiku. Nambari 94 haitoki hewani. Kiungo, yaani muunganisho wa kebo kati ya vifaa viwili, kikiwa cha megabiti 100, ukitoa sehemu inayoliwa na anwani na nafasi kati ya pakiti (vipande vidogo ambavyo data husafiri navyo), hubaki na takriban 94 za data yenyewe. Kiungo cha gigabiti moja (megabiti 1000) kinahitaji nyaya zote nane. Cha megabiti 100 kinahitaji pini ya 1, 2, 3 na 6 tu. Waya wa pini ya 8 ukikatika, vifaa vya pande mbili kwa kawaida hushuka hadi 100 na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mteja anaona intaneti ipo, nanyi mnaona ruta yake iko hewani, na kila mwezi analipia 200. Hali ya kila tundu la kebo kwenye swichi yenu, kile kisanduku cha kugawia nyumba intaneti kilichoko chini ya ngazi, inaonekana kutoka ofisini kwenu. Kuiangalia kungemaliza hoja hiyo ya Wi-Fi kabla simu haijakatwa.

Nyumba nambari 11 ndiyo tunayoomba muisome kwa makini, kwa sababu plagi yake mbaya ilifungwa na fundi aliyekuja kurekebisha, akalipwa zile 1,500. Alipanga rangi kama zinavyofuatana machoni: chungwa na mwenzake mweupe, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Akafanya vivyo hivyo upande wa swichi. Kipimaji chake kikawasha taa moja hadi nane kwa mpangilio, akaondoka. Kipimaji cha taa hujibu swali moja tu: je, pini ya 3 huku inafika pini ya 3 kule? Hakijui kama waya wa 3 na wa 6 wamesokotwa pamoja, na ndilo jambo lenyewe. Mawimbi hutumwa kwenye pini ya 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8, na msokoto wa kila jozi ndio unaofuta kelele kutoka jozi jirani. Kwa mpangilio wake, pini ya 3 na 6 zimepewa nyaya za jozi mbili tofauti, na ya 4 na 5 vilevile. Jozi mbili kati ya nne zimevunjwa. Kwenye kebo ya mita mbili hitilafu hiyo hufichika. Kebo ya nyumba nambari 11 ina takriban mita 40, inapanda ukuta ikiwa imefungwa pamoja na nyingine, na matokeo yake ni pakiti kupotea na simu za video kuganda.

Mpangilio sahihi, unaoitwa T568B, ni huu, klipu ikiwa chini, meno yakiwa juu na kebo ikiingia kutoka upande wako, ukihesabu kuanzia kushoto: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Kijani na mwenzake hawakai pamoja. Buluu na mwenzake wanakaa katikati yao. T568A hubadilishana chungwa na kijani, nao unafaa pia, mradi ncha zote mbili zifanane.

Kuna pia suala la kebo yenyewe. Tulikwangua waya kwa wembe: juu una rangi ya shaba, ndani ni mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. Sumaku haisaidii kuitambua kwa kuwa haivuti alumini wala shaba, lakini wembe hausemi uongo. Ganda limeandikwa CAT5E, ilhali viwango vya daraja hilo vinadai shaba tupu. Ukinzani wa waya wa namna hii unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na ukikunjwa mara chache hukatika, hasa pale pale ambapo ganda limeishia nje ya plagi. Ganda lenyewe ni la ndani ya nyumba, nanyi mmelianika kwenye ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, ambapo tayari limeanza kupasuka. Mvua za Machi hadi Mei ziliingia kwenye nyufa, maji yakashuka ndani ya kebo hadi kwenye plagi, na meno ya plagi ya nyumba nambari 3 yana kutu ya kijani. Kitanzi cha kudondoshea maji kabla ya kebo kuingia ukutani kingepunguza maji yanayotiririka juu ya ganda. Hakipo.

Kila jino la plagi mlizotumia lina ncha mbili zilizo kwenye mstari mmoja, ambazo zimetengenezwa kuchoma katikati ya waya wa nyuzi nyingi. Kebo ya ukutani ina waya mmoja mzima. Jino linaloangukia juu yake huteleza pembeni, likagusa leo na kesho likaacha. Waya mzima unataka plagi ambayo kila jino lake lina ncha tatu zinazopishana, zinazoukumbatia pande zote mbili. Mfuko wa plagi huonyesha ni za waya gani. Anayenunua kwa mamia anaweza kuuliza dukani.

Mkataba wenu unamkataza mpangaji kukata plagi hata ndani ya nyumba yake, kwa madai kwamba kazi hiyo inahitaji mtaalamu. Inahitaji koleo la kubania, plagi mbili (moja ya akiba, maana ya kwanza huharibika), kofia ya mpira na robo saa. Chomoa kebo kwenye ruta. Chomoa ruta kwenye umeme. Kata sentimita tatu nyuma ya plagi mbovu, na zaidi kama shaba imegeuka nyeusi au kijani. Vika kofia sasa, kwa sababu plagi ikishabanwa haiingii tena. Hili husahauliwa na wengi, mafundi wakiwemo. Chuna ganda sentimita tatu bila kugusa nyaya: ukiona mkwaruzo kwenye plastiki ya waya, kata uanze upya. Fumua jozi, nyoosha nyaya kwa kuzivuta kati ya kidole gumba na cha shahada, zipange, kisha zikate pamoja kwa mkato mmoja ulionyooka zibaki milimita 12 au 13. Sukuma hadi ncha zote nane zionekane kwenye uso wa mbele wa plagi na ganda liwe limepita kabari. Tazama rangi tena kabla ya kubana, si baada. Bana mara moja kwa nguvu hadi koleo liachie, kisha vuta kebo: isiposogea, kazi imeshika. Upande wa pili kwenye swichi ni wenu na hatuna haja ya kuugusa.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro zake. Kwa hiyo, pamoja na kurudishiwa shilingi 4,500, tunataka nyumba nambari 7 ipunguziwe bili kwa miezi iliyopokea 94 ikilipia 200. Kebo zote 12 zibadilishwe kwa shaba tupu yenye ganda jeusi la nje, zifungwe plagi za waya mzima zenye kofia, na ziachwe angalau sentimita 30 za ziada kila upande. Kebo iliyokatwa kwa kipimo cha kukaza haina pa kukatia tena. Fundi asiondoke kabla ya kumwonyesha mpangaji kwamba kiungo kimeandika 1000 na si 100. Kuwaka kwa taa nane kusihesabiwe tena kuwa ni kipimo. Na tuandikieni kwamba mpangaji akibadilisha plagi ya upande wake kwa mpangilio wa T568B hajavunja mkataba.

Tunasubiri jibu la maandishi katika siku 14. Baada ya hapo tutalipeleka lalamiko hili kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya pamoja na nakala za risiti. Bahasha yenye plagi iko kwa msimamizi wa jengo, na fundi wenu anaweza kuja kuikagua siku yoyote ya kazi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Haitoki nje ya jengo.

Wenu waaminifu,

Wapangaji wa nyumba 12
(sahihi zimeambatishwa)